Vitabu Tulivyogawana Kama Mbuzi

Juzi soko la Migwani niliaibishwa na mchuuzi wa vitabu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kofia ya sufu kichwani jua likiwaka, na alikuwa ametandaza turubai lake kando ya wauza viatu vya mitumba. Juu ya turubai kulikuwa na kila kitu: riwaya za mapenzi zenye majalada ya kung'aa, ufugaji wa kuku wa kienyeji, maisha ya wanasiasa waliotuumiza kisha wakatuandikia vitabu vya kujisifu, ugonjwa wa sukari na lishe yake, mapishi, ramani za dunia, hadithi za watoto, mafafanuzi ya Biblia ya kuvunja mkono. Nikachuchumaa. Nikaokota riwaya moja, na kabla sijasoma hata jina lake nikaigeuza, nikafungua kurasa za nyuma kabisa. Nikairudisha, nikaokota nyingine, nikafanya vile vile.

"Mama, mbona unaanza na mwisho?" akaniuliza kwa sauti. "Unaogopa nini?"

Wauza viatu wakacheka. Nikasema nahakikisha hakuna ukurasa uliochanika, nikalipia riwaya moja haraka haraka na kuondoka mashavu yakiwaka, mtu mzima mimi. Nilichomwambia hakikuwa uongo, lakini hakikuwa ukweli wote. Ukweli wenyewe ni wa nyumbani kwetu. Wewe ni mtu wangu, keti nikuambie.

Nilikuwa darasa la sita, mwaka ule mvua ilituruka misimu miwili tukala mahindi ya manjano ya msaada. Kama ulikulia upande wetu wa Kitui, unayajua. Yalikuja kwa lori hadi uwanja wa kanisa, yakapimwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, nyumba kwa nyumba, na aliyesimamia kugawa alikuwa mwenyekiti wa mwethya. Mwethya ni kikundi chetu cha kazi: leo mnachimba matuta kwa shamba la huyu, kesho kwa yule, mpaka mlima mzima umepigwa mistari. Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kengele. Hakuwahi kukanyaga darasa, lakini kwa kugawa hakuwa na mpinzani. Alijua kila nyumba ina midomo mingapi. Akikupunguzia gorogoro kwa kiganja kimoja, ujue kuna mjane mahali ameongezewa.

Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita Susu, hakuyapenda mahindi yale hata kidogo. Aliyatia kinuni jioni, akanyunyiza maji, akayatwanga mpaka maganda yakatoka ili tupate muthokoi wa kupika na maharagwe, na kila mchi ulipotua alilalamika. "Haya ni meno ya punda, si chakula." Lakini muthokoi ule ukichemka kwa moto wa kuni, na kitunguu kimoja kikikaangwa mwisho kabisa ili harufu yake isikike mpaka kwa jirani, aki, wacha tu. Nimekula hoteli kubwa kubwa Nairobi na sijakutana na harufu ile tena.

Susu alikuwa mama wa baba yangu. Hilo lishike vizuri, kwa sababu baba mwenyewe hakuwa akiishi nasi. Alikuwa fundi wa mawe, mmoja wa wale ambao ukuta wao haupindi. Alikuwa ameitwa sokoni kujenga jiko na meza za simiti katika hoteli ndogo ya chai na mandazi. Kazi ikaisha, baba hakurudi. Mwenye hoteli alikuwa mwanamke asiye na mume, mcheshi, mwenye mwanya, na watu walisema chai yake ilikuwa na kitu. Kutoka mlango wa jiko letu kule juu mlimani uliliona bati la hoteli ile bondeni, na moshi wake uliamka kabla ya wetu. Mama aliuona kila asubuhi. Aliweka sheria moja tu, kwamba hakuna mguu wa nyumba yetu utakaokanyaga pale, na sisi tulizunguka kununua chumvi duka la mbali ili tusipite mbele ya mlango ule.

Susu alisimama na mama, tena kwa kishindo. Mtu akimtajia mwanawe alisema, "Huyo simjui." Lakini siku za soko tukiwa tumekaa kando ya ndizi zetu, sauti ya baba ikisikika hata kwa mbali, niliona Susu akigeuza shingo kabla hajajikumbuka.

Sijui kama wewe umewahi kuwa mtoto wa nyumba kama hiyo. Watu hawakusemi. Wananyamaza tu unapofika. Kule mtoni tulikochimba mchanga kutafuta maji, mazungumzo yalikatika nilipotua mtungi wangu, kisha mtu mmoja akaanza kusifu hali ya hewa, hali ya hewa yenyewe ya ukame. Nilijifunza mapema sana kutazama vidole vyangu vya miguu.

Basi siku moja lori la msaada likaleta mahindi na katoni za vitabu. Nani alivituma sijui mpaka leo. Vilikuwa mchanganyiko kama vile vya turubai la juzi, hadithi na visivyo hadithi, vingine vya Kiingereza, vingine vya Kiswahili: riwaya, ufugaji wa nyuki, utunzaji wa mama mjamzito, keki za harusi, safari za watu waliopanda milima ya barafu, ramani. Mwalimu wetu angekuwepo angetuokoa, lakini ilikuwa likizo na alikuwa ameenda kwao Kasikeu, huko Makueni. Kwa hiyo mwenyekiti akafungua katoni, akatazama, akafanya lile alilolijua. Akaanza kugawa, kila nyumba kitabu.

Hatukufika mbali. Mama mmoja alipata kijitabu cha kupanda miti na jirani yake akapata riwaya nene, na kelele ikaanza.

"Yeye amepewa tofali, mimi nimepewa biskuti! Kwani watoto wangu hawana macho?"

Mwenyekiti akainua mkono. Kwetu mbuzi akichinjwa, huwezi kumpa mmoja paja zima na mwingine kwato. Kila nyumba inapata kipande chake na mnaondoka mkiwa bado majirani. Akamwita mchinjaji wa soko. Mchinjaji akaja na kisu chake, akakifuta kwenye aproni, akalaza vitabu juu ya benchi la kanisa na kuvipasua mgongoni, kimoja baada ya kingine, akikadiria unene kwa jicho kama anavyokadiria maini. Vipande vikachanganywa rundo moja ili asiwepo wa kuchagua. Na ninakuapia, hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi niliyependa kusoma kuliko kula niliona ni haki kabisa.

Mwenyekiti akaanza kuita nyumba. Siku za mahindi mwenye hoteli hakuwa akija, alikuwa na unga wake. Lakini vitabu alivitaka. Mwenyekiti akapaza ile sauti yake: "Kwa fundi!"

Mama yangu akasonga mbele na kiondo chake. Kutoka upande wa pili wa uwanja, mwenye hoteli naye akasonga mbele na karai lake. Wakakutana mbele ya rundo.

Uwanjani ungesikia punda akipiga masikio. Ningependa kukuambia nilikuwa na hasira. Hapana. Niliona haya tu, yale ya kutaka ardhi ifunguke ikumeze na viatu vyako. Na baba alikuwepo! Alikuwa amesimama nyuma ya lori akijifanya anakagua gurudumu. Mwenyekiti, maskini ya Mungu, akatazama huku, akatazama kule. Akachukua fungu akampa mama. "Kwa fundi juu," akasema. Akachukua lingine akampa yule mwingine. "Na kwa fundi chini." Toka siku hiyo tukawa na jina. Hata kanisani tuliitwa hivyo, Kwa Fundi Juu, na watu walilisema kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Mwalimu aliporudi kutoka Kasikeu alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mmefanya nini, nyinyi watu?"

"Tumegawa sawasawa, mwalimu," mwenyekiti akamjibu bila wasiwasi. "Hakuna aliyelala njaa."

Mwalimu alizunguka nyumba hadi nyumba akibembeleza vipande arudishie vitabu miili yao. Kila mmoja alimwambia akalete kwanza cha jirani. Akashindwa, akabaki kucheka peke yake. Na kweli kulikuwa na vichekesho. Jirani yetu mwenye punda, aliyekuwa mjamzito, alipata kitabu cha wajawazito kikaishia mwezi wa tano, na alikuwa akitusimamisha njiani kuuliza nani ana mwezi wa sita. Mzee wa kanisa alipata watu wakiwa wameshafika juu ya mlima wa barafu na hakujua walifikaje. Sisi tulikuwa na keki ya harusi hadi pale unapoambiwa uvunje mayai, basi. Ukitaka kusoma kitabu mlimani kwetu ilibidi utembee. Unamaliza kipande, unauliza, unaelekezwa, unafika kwa watu, unapewa uji, unaketi chini ya dirisha lao na kuendelea ulipoachia. Sijawahi kuingia nyumba nyingi hivyo tena maishani.

Katika fungu letu mlikuwemo mwanzo wa riwaya moja ya Kiswahili. Jalada na ukurasa wa jina vilienda kwa mwenye punda, akavifanya kifuniko cha mtungi, kwa hivyo sikuwahi kujua kitabu kinaitwaje wala nani alikiandika. Kilikuwa habari za muuguzi katika mji mdogo wa reli, aliyeshtakiwa kwamba amemuua tajiri kwa dawa mbaya. Nilimsomea Susu jioni mbili akanaswa kabisa na ile kesi. Akamwambia mwenyekiti. Mwenyekiti akaniita kwenye matuta.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi likizo ile. Wanawake walichimba tangu alfajiri, majembe yakigonga ardhi kavu, wimbo ukipokewa kutoka juu ya shamba hadi chini. Jua likipanda waliketi kwenye kivuli cha mti wa mkau, chakula kikitolewa kwenye masufuria yaliyofungwa leso, na mimi nikaketi juu ya karai lililopinduliwa nikasoma. Panapo maneno magumu niliyageuza kwa Kikamba. Vumbi, jasho, harufu ya maharagwe, na wale mama wote wametulia kama wako kanisani. Kipande chetu kikaisha, tukapata cha pili kwa mwenye punda, cha tatu kwa mwenyekiti mwenyewe. Walilia muuguzi alipofungwa pingu mbele ya watoto wake. Kisha tukafika siku ya kesi, na mume wa yule muuguzi, kwa kuogopa kupoteza kazi, akaingia mahakamani na kwenda kuketi upande wa familia ya tajiri.

"Mume gani huyo!" mama mmoja akaruka. "Anamwacha mkewe anaenda kukaa kwa watu! Mimi ningempita hata akianguka kwa..."

Akajiziba mdomo. Mama yangu alikuwa ameinama juu ya sahani yake akitafuna taratibu, na shingo yake ilikuwa imesimama ngumu kama mpini. Niliendelea kusoma kwa sauti iliyopanda bila mimi kutaka. Kipande kile kikaishia hapo hapo, hakimu amesimama, anakaribia kusema.

Mwisho ulikuwa wapi? Kila mtu alijua. Walitazama bondeni, kisha wakatazama majembe.

Mchinjaji ndiye aliyeleta ujumbe, na aliuleta kwa aibu, akisema yeye ametumwa tu. Fundi anasema mwisho uko kwake na hautatoka. Mtoto wake anayesoma aje ausome pale pale, hotelini.

"Hapana," mama akasema.

Siku zikapita, matuta yakaendelea, na mapumziko yakawa marefu bila kitabu. Mwenyekiti akasema tumalizie wenyewe vichwani, wakakataa. Walianza kunitazama mimi kana kwamba nimemeza kile kipande. Usiku nililala nikimfikiria yule hakimu mdomo wazi. Lakini pia, na hili sikumwambia mtu, nilifikiria baba amesema "mtoto wake". Nililirudia neno hilo kimoyomoyo, kisha nikaona haya kwa kulifurahia wakati mama amelala kitanda cha pili.

Asubuhi moja tukiwa katikati ya kazi, mama alisimamisha jembe lake kwenye tuta. Akajipangusa uso, akafunga leso upya kiunoni. "Njoo," akaniambia. Mwenyekiti akamuuliza anaenda wapi.

"Kunywa chai."

Tukashuka. Sijui nikuelezee vipi ule mteremko. Miguu yangu ilikuwa na vumbi jekundu hadi magotini, na mama alitembea mbele bila kugeuka, mgongo umenyooka. Wanawake wa mwethya wote walisimama kwenye mistari ya matuta wakitutazama tukipungua. Sokoni watu waliacha kupima nafaka. Mama akapita katikati yao, akafika kwenye ule mlango tulioukwepa siku zote, akainama kidogo kwa sababu kizingiti kilikuwa kifupi, akaingia. Akaketi kwenye meza ya simiti aliyoijenga mumewe.

"Habari ya hapa," akasema. "Niletee chai, mama. Na kile kitabu, mtoto asome."

Mwenye hoteli alikuwa akigeuza mandazi. Alibaki ameshika mwiko juu ya mafuta. Kisha akajibu, "Karibu, dada," kwa sauti ndogo sana, akaleta chai iliyomwagikia hadi kwenye sahani. Baba akatokea mlango wa nyuma na simiti kwenye vidole. Hakumsalimu mama, hakuthubutu. Aliingiza mkono juu ya kabati, akatoa kipande kilichofungwa kwenye kitambaa safi, akaniwekea mbele. "Soma, mwanangu," akasema. "Soma polepole."

Nikasoma. Wateja waliacha kutafuna. Hakimu akasema muuguzi hana hatia, na mtu nyuma yangu akapiga meza. Nilidhani imeisha, lakini kulikuwa na kurasa nyingine. Muuguzi anatoka jela na bahasha ya nguo zake. Nje ya lango mumewe amesimama, kofia mkononi, jua linampiga, amengoja tangu asubuhi. Anamwomba msamaha, machozi yanamtoka hadharani. Muuguzi anasimama. Anamtazama kwa muda mrefu. Kisha anamshika mkono, wanapanda basi pamoja, na jioni ile anampikia chakula katika sufuria yao ya zamani. Ndivyo kilivyoandikwa. Ndivyo nilivyosoma, neno kwa neno, na kadiri nilivyosoma ndivyo masikio yangu yalivyozidi kuungua, maana nilielewa, hata mimi mtoto, kwa nini tuliitwa. Baba alijua kusoma. Alikuwa ameshausoma mwisho ule. Kile alichoshindwa kukisema kwa mdomo wake alitaka kikasemwe na mimi.

Mwenye hoteli naye alielewa. Aliacha mandazi yaungue, harufu ikajaa chumba, hakuna aliyenyanyuka.

Nilipoinua kichwa baba hakuwepo. Mama alimaliza chai yake yote, bila haraka. Akaweka kikombe. "Chai yako ni nzuri," akamwambia yule mwanamke, na naamini alimaanisha. Karatasi akaziacha pale pale mezani.

Tulipotoka nje baba alikuwa amesimama pale njia inapoanza kupanda kwetu. Alikuwa amenawa mikono. Kofia yake alikuwa ameivua, ameishika mbele ya tumbo, na alikuwa akilia bila kujificha, mbele ya soko zima. Wauza nafaka, mchinjaji, wote wanaona. Nilitaka kumfunika na kitu. Nilitaka akome. Na nilitaka mama asimame, Mungu anajua nilivyotaka asimame, hata dakika moja tu.

Mama alimpita. Hakuongeza mwendo, hakupunguza, hakumtazama wala hakutazama pembeni. Mimi niligeuka mara moja. Baba alikuwa bado ameshika kofia, akiangalia pale tulipokuwa.

Kule juu wanawake walikuwa wamekusanyika chini ya mkau, hakuna aliyechimba. "Enhe?" mwenyekiti akauliza, akinitazama mimi. Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Aliachiliwa," akasema. "Hana hatia. Alipotoka, mumewe alikuwa langoni, ameshika kofia, analia." Akang'oa jembe lake kutoka ardhini. "Akampita."

Ungesikia vigelegele! Mlima mzima uliitika. Walimpigapiga mama mgongoni kana kwamba yeye ndiye ametoka jela. Mwenyekiti alifuta machozi akasema hicho ndicho kitabu sasa. Mama aliinama akaanza kuchimba, na mimi nilibaki nimeketi juu ya karai langu, nimefunga mdomo.

Mwenye hoteli alimfukuza baba wiki ile ile. Hakupandisha mlima. Tulisikia yuko Mukuyuni, anajenga maduka, na baadaye hatukusikia. Mwenyekiti amekufa, mama pia. Matuta siku hizi yanachimbwa na trekta kwa siku moja na hakuna anayeimba. Hoteli ilibomolewa, pakajengwa duka la simu, na zile meza za simiti ziliwashinda kuvunja, zikafukiwa chini ya sakafu. Vipande vya vitabu vililiwa na mchwa, vingine viliwasha moto, na mwenye punda alijifungua salama bila mwezi wa sita. Siku hizi watoto wa mlimani kwetu wana vitabu vizima. Hakuna anayemtafuta jirani ili ajue kilichotokea.

Wanawake wa mwethya walikwenda makaburini wakiamini muuguzi alimpita mumewe, na sijutii hilo, lilikuwa lao. Mama alisema kweli, alisema ya kwake. Kinachonirudisha kwenye aibu ni jioni ya siku ile.

Susu hakuwa amekuja shambani, magoti yalimsumbua. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, ungo mapajani, akichambua maharagwe ya msaada. Yalikuwa machache, ya kupimwa kwa kikombe. Vigelegele alikuwa amevisikia. Mwenye punda alikuwa ameshampitia na kumwambia mwisho. Alinivuta karibu, akatazama kama mama yuko, lakini mama alikuwa ndio kwanza anapanda kutoka mtoni, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

"Mlimwona?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Hakusema nani.

"Tulimwona, Susu."

"Yuko mzima?"

"Yuko mzima."

Akachambua kidogo. Vidole vyake vilikuwa vikienda vyenyewe.

"Na yule wa kitabuni," akasema. "Nimeambiwa mke alimpita." Akaniangalia usoni, na nikaona kwamba likizo yote, chini ya ule mkau na hapa jikoni, tulipokuwa sote tukingoja muuguzi aachiliwe, Susu alikuwa akimngoja mume. "Hata kitabuni?"

Mama alikuwa amefika kwenye miti ya ua. Nilizikumbuka zile kurasa zote, mkono, basi, sufuria ya zamani. Nikizisema, mama atakuwa mwongo mbele ya mama mkwe wake na mbele ya mlima mzima, na siku ile alikuwa ameshaonekana na watu vya kutosha.

"Hata kitabuni, Susu," nikasema.

Aliinamisha kichwa akaendelea na ungo wake. Vijiwe alivitia kwenye sufuria. Maharagwe aliwatupia kuku. Konzi moja, halafu nyingine, na kuku wakakimbilia miguuni pake wakila chakula chetu cha siku ile. Nilisimama pale nikiona, na sikumzuia, kwa sababu kumzuia kungemaanisha nimwangalie.